Mafunzo ya JKT kwa wanaomaliza kidato cha sita: ugumu wake hasa uko wapi?

Mjomba_Kongwa

Wakuu, salaam. Mpwa wangu wa kike ana miaka 19, yuko kidato cha sita na mtihani wake ni Mei. Jina lake likitoka ataingia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, miezi 3. Ni mwembamba, hana mazoea ya kukimbia, na utotoni alisumbuliwa na pumu ingawa sasa imetulia. Mama yake anayasikia ya vijiweni: mara wanabebeshwa magogo, mara hawalali, mara mtu akianguka anamwagiwa maji na kuambiwa ainuke. Hofu hiyo haimsaidii binti, na mimi sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

Naomba wanaoijua kazi hii wanieleze: ni kitu gani hasa kinachowachosha na kuwaumiza kuruta, na kwa nini? Zimebaki kama wiki 8. Afanye nini ndani ya wiki hizo huku bado anasoma, na abebe nini? Kumtia moyo tutamtia sisi nyumbani. Hapa nahitaji vitu vya kupima na kufanya.

---

Kombania_B

Mkuu, zoezi mojamoja la kuruta halimshindi kijana mwenye afya. Mchakamchaka wa alfajiri ni mwendo wa kuimba, na mtu anayeweza kuitikia wimbo huku anakimbia bado ana pumzi ya akiba. Pushapu 20 zinawezekana. Gogo la watu 6 linabebeka. Kinacholemea ni kwamba hayo yote yanapangwa siku moja, kesho yanarudi, na usingizi ambao ungeukarabati mwili ni mfupi.

Ratiba hutofautiana kambi na kambi, ila mifupa yake ni hii. Kuamka saa 10 alfajiri: tandika, nawa, jipange kwenye mstari. Mchakamchaka kabla jua halijachomoza. Usafi wa maeneo, uji, kisha kwata mpaka saa 6 au 7 mchana. Chakula, mara nyingi ugali na maharage. Baada yake darasa: usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, sheria za kijeshi, uraia. Hapo ndipo usingizi huwakamata, maana ni mara ya kwanza kukaa tangu alfajiri. Alasiri ni fatiki: shamba, kuni, maji, ujenzi. Wengi huona jembe ni adhabu, lakini JKT iliundwa mwaka 1963 iwe jeshi la kujenga taifa, kwa hiyo kazi ya mikono ni somo kama lilivyo somo la silaha. Jioni michezo, chakula, rokoo (kuitwa majina), nyimbo, na kulala kama saa 4. Piga hesabu: ni saa 6 za usingizi, na usiku wenye zamu ya lindo unamega saa 2 humo humo.

Wiki ya kwanza ni ya kupima afya, kugawiwa vifaa na kuzoea filimbi. Haiumizi sana, inachanganya tu. Wiki ya 2 hadi ya 4 ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mwili umeshaanza kudaiwa na bado haujapata nguvu mpya. Kuanzia wiki ya 5 au 6 walio wengi huanza kwenda na mwendo. Silaha, shabaha na mazoezi ya porini huja baadaye. Yanachosha, lakini yanamkuta kuruta ambaye miguu yake imeshaiva.

Niseme kidogo kuhusu kwata, kwa sababu mtu wa nje huiona ni kusimama na kutembea tu. Mguu sawa maana yake visigino vimegusana, magoti yamenyooka, kifua mbele, ngumi kwenye mshono wa suruali, macho mbele, na inzi akitua puani unamwacha. Dakika 5 si kitu. Dakika 40 juani ni kitu kingine kabisa. Damu hurudishwa juu kutoka miguuni kwa kusukumwa na misuli ya ndama. Misuli hiyo isipofanya kazi, damu hutuama chini, ubongo unapungukiwa, na mtu anaanguka kama mti. Anayeanguka hivyo hatangulizi mikono, ndiyo maana kidevu na meno ndivyo vinavyoumia.

Kinga yake haionekani kwa nje: asikaze magoti mpaka mwisho, ayaachie kidogo sana, akunje na kukunjua vidole vya miguu ndani ya buti, akaze ndama na makalio kwa zamu, sekunde 5 kila upande. Na asiende gwarideni tumbo tupu, uji aunywe hata kama haumpendezi. Dalili za kutangulia ni miayo mfululizo, jasho la baridi, masikio kama yameziba, macho kuingia giza. Akiziona apige goti hapo hapo. Kupiga goti kuna maelezo, ila taya lililovunjika halina. Wenzake wamlaze chali kwenye kivuli na kuinua miguu yake. Kumsimamisha haraka kunamwangusha upya.

Silaha ya kwata ina uzito wa takriban kilo 4. Kilo 4 si mzigo, mpaka uzishike mbele ya mwili saa nzima bila kubadilisha mkono.

---

Tabibu_wa_Zamu

Mkuu Kombania_B kaeleza vizuri mrundikano. Mimi niongeze unavyoivunja mifupa, maana hilo ndilo jeraha la kuruta duniani kote, na ndilo linalofichwa zaidi.

Mfupa ni kitu hai. Ukipewa mzigo mpya, mwili kwanza unakwangua sehemu iliyochoka, kisha unajaza mfupa mpya. Kukwangua huchukua kama wiki 3. Kujaza na kukomaa huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, kuanzia wiki ya 3 hivi, ambapo mfupa umekwanguliwa na haujajazwa, na ndipo kishindo cha kwata na mchakamchaka kinapozidi. Ndiyo maana nyufa hujitokeza wakati kuruta mwenyewe anahisi ameanza kuzoea.

Mwonyesheni binti namna ya kutofautisha maumivu. Apitishe kidole gumba kwenye muundi, upande wa ndani, kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Maumivu yaliyotandaa eneo refu kama kiganja, yanayopungua mwili ukipata moto, mara nyingi ni ya misuli na ngozi ya mfupa: barafu au maji baridi, kupunguza kishindo siku chache, yanatulia. Maumivu ya sehemu moja ndogo kama sarafu, yanayozidi kadiri anavyokimbia na kubaki hata akilala, hayo ni ya kuripoti siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo juu ya wayo, nyuma ya vidole. Akiumwa kinena au ndani kabisa ya nyonga anapokanyaga, asimame kabisa, asipime kwa kurukaruka. Ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja ukiachwa unaweza kukatika moja kwa moja, na hapo ni upasuaji.

Wasichana huumia nyonga kwa sababu nyingine pia: mfupi anapanua hatua ili alingane na mrefu. Jeshi la Australia lilipopunguza mwendo wa matembezi kutoka km 7.5 hadi km 5 kwa saa, na kuwaacha kuruta watembee kwa hatua zao, nyufa za nyonga kwa wanawake zilishuka sana. Kwenye mchakamchaka na matembezi marefu mpwa wako apige hatua fupi za haraka kuliko kunyoosha mguu. Wafupi wakiwekwa mbele, mstari mzima hutembea salama.

Sasa joto. Akipangiwa kambi za joto kama Ruvu, Kibiti au Nachingwea, mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea kufanya kazi kwenye joto. Hatari ni siku hizo. Kiharusi cha joto kinatambulika kwa akili kuyumba: anajibu yasiyoulizwa, anagombana bila sababu, anayumbayumba, kisha anaanguka, na mwili unachoma. Msisubiri jasho likauke. Aliyepata kiharusi cha joto kwa mazoezi mara nyingi bado anatoka jasho, na kosa hilo la kusubiri limegharimu watu. Hapa maji ya kumwagia ndiyo tiba yenyewe, mama yake aelewe: kivuli, vua buti na shati, lowesha mwili wote, pepea kwa nguvu bila kuacha. Kama kuna pipa au birika la maji, atumbukizwe hadi shingoni huku kichwa kimeshikwa. Apozwe kwanza, ndipo asafirishwe, na lengo ni joto lishuke ndani ya dakika 30. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

Vitu viwili vya kupima kabla hajaondoka. Kwanza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtu wa AS, aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, anaishi maisha yake kawaida kabisa, lakini akisukumwa mbio mfululizo bila kupumzika misuli yake inaweza kulegea ghafla. Anaanguka huku bado anaongea, na walio karibu wanadhani anatega. AS haimzuii kufanya mafunzo. Inamlazimu apande taratibu, apumzike katikati ya mbio, anywe maji, na afisa wa afya ajue. Wa SS, aliyerithi kwa wazazi wote wawili na ana ugonjwa wenyewe, hayamfai. Pili ni hiyo pumu.

Kuhusu pumu, aitaje siku ya kupimwa afya, asiifiche. Abebe inhela 2 za salbutamoli, moja mfukoni na moja kwenye sanduku, na kama daktari wake amekubali avute mara 2 dakika 15 kabla ya mchakamchaka. Kambi ya Mafinga iko nyanda za juu, na Juni na Julai alfajiri yake ina baridi kavu inayobana kifua. Leso mdomoni kwa dakika 10 za mwanzo husaidia. Vumbi la uwanja wa kwata ni kichochezi kingine. Kama sasa hivi nyumbani anaihitaji inhela zaidi ya mara 2 kwa wiki, basi haijatulia, aonane na daktari kabla ya yote.

---

Mlandizi_Kwetu

Nyongeza kuhusu joto la Ruvu: dawa ni maji. Anywe kila anapopata nafasi, hata lita 2 kwa mpigo kabla ya kwata, hawezi kuzidisha.

---

Tabibu_wa_Zamu

Ndugu yangu, hapo lazima nikuzuie, kwa nia njema. Maji yanazidishwa na yanaua. Ukinywa mengi kuliko figo zinavyoweza kutoa, chumvi ya damu inashuka na ubongo unavimba: kichwa kinauma, anatapika maji meupe, anachanganyikiwa, anapata degedege. Wenzake wakidhani ni joto wanamwongezea maji. Mpaka unaotumika na majeshi kwenye joto kali ni usizidi kama lita moja na nusu kwa saa, na lita 11 hivi kwa siku nzima, na hizo ni za kazi nzito kweli. Kwa kawaida nusu lita hadi robo tatu kwa saa ya kazi inatosha, kwa mafunda, pamoja na chakula chenye chumvi. Kipimo chepesi ni mkojo: rangi ya majani makavu ni sawa, mweupe kama maji mara kwa mara maana yake anazidisha, wa njano iliyoiva maana yake aongeze.

Na kuna rangi moja ambayo haisubiri: mkojo wa hudhurungi nzito kama soda nyeusi, siku 1 hadi 3 baada ya kuruka kichura au kuchuchumaa mara nyingi kuliko alivyozoea, huku mapaja yamevimba na kukakamaa. Misuli imevunjika na inaziba figo. Hospitali siku hiyo hiyo.

---

Mlandizi_Kwetu

Nimeelewa daktari, asante. Hiyo ya kuzidisha wengi hatuisikii.

---

Mwalimu_wa_Viungo

Mjomba, wiki 8 zinatosha akianza wiki hii. Kosa kubwa la watahiniwa ni kungoja majina. Majina hutoka karibu sana na siku ya kuripoti, basi mtu anakimbia kila siku kwa wiki 2 kama anayefukuzwa. Kwa maelezo ya daktari hapo juu, huyo anafika kambini na mfupa uliokwanguliwa tayari.

Akimbie siku 3 kwa wiki, asiunge siku mbili mfululizo. Wiki 2 za kwanza: dakika 1 anakimbia, 2 anatembea, mara 10. Wiki ya 3 na 4: dakika 3 kwa 1, mara 7. Wiki ya 5 na 6: dakika 20 bila kusimama. Wiki ya 7: dakika 30, na siku moja aifanye saa 11 alfajiri ili mwili ujue. Wiki ya 8 ni ya mtihani na kupumzika: mara 2 tu, dakika 15. Mwendo uwe wa kuweza kuimba. Akishindwa kuitikia ubeti, anakimbia haraka kuliko mafunzo yanavyodai. Akimbilie udongo au nyasi, aache lami.

Siku za katikati, nguvu, dakika 15 zinatosha. Pushapu aanzie mezani, mikono ukingoni na mwili umenyooka. Akifikisha 15 safi kwa seti 3 ashuke kwenye benchi, kisha chini. Kiuno kikibonyea hesabu imekatika, maana pale kambini pushapu ya kiuno kilichobonyea hairuhusiwi na inamuumiza mgongo. Kuchuchumaa na kuinuka 12 kwa seti 3. Kuinuka kwa vidole kwenye ngazi, kisigino kikishuka chini ya ukingo, 15 kwa seti 3. Hili la mwisho watu hulidharau, na ndilo linaloimarisha ndama zinazolinda muundi na zinazosukuma damu kwenye mguu sawa.

Mara moja kwa wiki atembee dakika 45 na begi mgongoni: kilo 5, akifika wiki ya 6 kilo 8. Mwanafunzi hana haja ya kutafuta mzigo, vitabu vipo. Na awahi kulala. Usingizi hauwekwi akiba kwa miezi 3, lakini kuingia kambini ukiwa na deni la usiku wa mitihani ni kuanza wiki ya kwanza ukiwa kwenye hali ya wiki ya 4.

---

Mjomba_Kongwa

Nashukuru sana wakuu, nimeyanakili yote. Vifaa je? Na buti, maana kila ninayemuuliza analalamikia buti.

---

Stoo_Kuu

Mkuu, orodha ya kufuata ni ya tangazo la mwaka wake, ila imekuwa ikirudia vitu vile vile: bukta ya bluu iliyoiva yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, mfuko mmoja nyuma, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka 2 za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, suti ya michezo ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi, nyaraka zote za kuombea chuo, na nauli ya kwenda na kurudi. Nyaraka msizipuuze. Dirisha la maombi ya vyuo na mikopo huangukia humo humo kipindi cha mafunzo, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na picha viwe vimeskaniwa na nakala ibaki nyumbani kwa mtu anayeweza kumjazia.

Pesa zenu nyingi muziweke kwenye raba na soksi. Raba ndizo anazokimbilia wiki za mwanzo. Zile nyepesi za soli ngumu kama ubao zinapeleka kishindo chote kwenye muundi. Anunue sasa azikimbilie wiki zote 8, asiende na mpya. Anunue alasiri, wakati mguu umevimba kidogo, amevaa soksi atakazotumia, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Soksi jozi 6: 3 nyembamba za nailoni na 3 nene. Nyembamba ivaliwe ndani, nene juu, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi.

Buti anapewa kambini, na dakika ile ya kugawiwa ndiyo ya maana kuliko zote. Kila mtu ana haraka, foleni ndefu, na kuruta anaogopa kusema hazimtoshi. Ajue namba yake kwa buti, ambayo kwa wengi huwa kubwa kwa nusu au moja kuliko ya viatu vya shule. Azijaribu zote mbili, afunge kamba, asimame kwa vidole: kisigino kikipanda juu sana ndani ni kubwa, kidole kikigonga mbele ni ndogo. Kubwa kidogo inarekebishika kwa soli ya ndani na soksi ya pili. Ndogo hairekebishiki, abadilishe siku hiyo hiyo kwa mwenzake au stoo.

Kisha azilainishe kwa kuzivaa jioni hangani (bweni la kuruta) saa moja moja, kamba imekazwa kwenye kifundo na kulegezwa kidogo juu ya vidole. Mahali panapoanza kuwaka moto apabandike plasta pale pale, kabla ya lengelenge. Lengelenge likishatoka na linauma: sindano iliyopitishwa kwenye spiriti, tundu pembeni kwa chini, kamua taratibu, ngozi ya juu aiache, afunike. Wanaochuna ngozi ndio wanaoishia na kidonda cha wiki 2. Usiku akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa, buti zikae wazi ulimi umevutwa nje. Fangasi wa kambini hawatoki kwenye maji, wanatoka kwenye unyevu uliofungiwa.

Vitu vidogo vinavyosahaulika: kufuli, sindano na uzi, plasta ya kitambaa ya rola, mafuta ya kupaka mapajani, klotrimazoli ya krimu, tochi ndogo. Kila nguo ashone alama yake kwa uzi wa rangi moja, pindo la ndani. Fulana 200 za kijani zikianikwa kamba moja, jina la kalamu linafutika wiki ya kwanza.

---

Nesi_Songea

Kwa binti niongeze. Pedi za mizunguko 4, si 3, kwa sababu siku huvurugika. Zikichelewa mwezi mmoja kwa sababu ya uchovu na mabadiliko si ajabu. Zikikosekana mara 2 au 3 huku uzito unashuka, hiyo ni dalili kwamba anachokula hakitoshelezi anachokitumia, na mifupa ndiyo inayolipa. Kwa hiyo ugali aumalize. Wasichana wengi wiki ya kwanza huacha nusu ya chakula kwa kutokipenda, na wiki ya 3 ndio wanaoongoza kwa kuanguka gwarideni. Maharage yana madini ya chuma, ila chai ya rangi pamoja nayo inazuia yasichukuliwe, anywe saa moja baadaye. Apime wingi wa damu sasa. Akiwa pungufu, wiki 8 zinatosha kuanza kuirekebisha kwa ushauri wa daktari.

Kambi kama Ruvu na zile za Kigoma zina malaria. Chandarua kiwe na dawa, achomeke pindo chini ya godoro, na homa yoyote ipimwe. Homa ya malaria juu ya mchakamchaka ni njia ya mkato ya kiharusi cha joto.

---

Mjomba_Kongwa

Dada Nesi, Mungu akubariki, hilo la pedi lisingenijia. Swali la mwisho wakuu. Daktari anasema aripoti maumivu, ila hofu ya kila kijana ni kuonekana anatega. Namjua mpwa wangu, atanyamaza. Aseme vipi?

---

Kombania_B

Mkuu, umegusa penyewe. Neno "mtegaji" limewaumiza vijana wengi kuliko gogo lolote. Mkufunzi ana watu zaidi ya 100 mbele yake, na kweli wapo wanaotega, kwa hiyo anapima kwa vitu viwili: umesema saa ngapi, na umesema nini. Anayekumbuka kuumwa baada ya kutangazwa adhabu haaminiki. Anayejiandikisha kwenye orodha ya wagonjwa alfajiri, kabla ya mchakamchaka, kupitia kiongozi wake wa platuni, anasikilizwa. Na anayesema "naumwa miguu" hajasema kitu, miguu inawauma wote.

Mfundishe aseme hivi, afanye mazoezi hata kwa sauti: "Afande, naomba ruhusa kwenda zahanati. Muundi wa kushoto, sehemu moja, siku ya tatu leo, unauma hata nikilala." Mguu upi, sehemu gani, tangu lini, unauma wakati gani. Mkufunzi mwenye akili hawezi kumrudisha mtu aliyesema hivyo, na akirudishwa asubuhi, ajiandikishe tena kesho yake na amweleze kamanda wa platuni maneno yale yale. Akipewa ED (ruhusa ya kitabibu ya kupumzishwa kazi) iwe ya maandishi, ina tarehe na imetaja anachokatazwa: kukimbia, kuruka, kusimama muda mrefu. Karatasi aiweke mfukoni mwa shati ndani ya mfuko wa nailoni, maana kila zamu mkufunzi anabadilika na kila mmoja ataiomba. ED si ya kulala hangani kutwa. Apewe kazi ya kukaa, kuchambua maharage jikoni au kuandika daftari la stoo, na akiifanya vizuri hakuna atakayemwita mtegaji.